Paswedi nyuma ya daftari la mahudhurio

Dirisha la tatu kutoka mlangoni ndilo lenye mtandao. Walimu wote wa shule ile wanalijua, na kila mwisho wa mwezi viti vya ofisi nzima huhamia hapo vikajipanga kama viti vya msibani. Ni shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka barabara kuu iendayo Iringa. Nilifika Ijumaa saa nane na nusu mchana. Watoto wa madarasa ya chini walikwisha kwenda zao. Walimu saba walikuwa wameinamia simu, na hakuna aliyekuwa akisahihisha hata daftari moja.

"Mwanangu, njoo unitazamie hiki kitu. Kimenigomea tena."

Aliyesema ni mwalimu wa kike wa miaka 57, kanga begani, miwani imefungwa uzi ili isidondoke. Aliyeitwa mwanangu ni kijana anayejitolea pale huku akisubiri ajira. Kwenye ratiba anafundisha Kiingereza darasa la sita. Nje ya ratiba ndiye fundi wa shule: anafungua barua pepe za wenzake, anawajazia taarifa, anawakumbusha tarehe za mwisho.

"Nakuja mama, ngoja nimalizie ya mwalimu mkuu."

Mama hakungoja. Alivuta daftari la mahudhurio la darasa lake, akaligeuza, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa. Hapo ndipo zilipo paswedi zake. Tatu za kwanza amezikata kwa rula na kalamu nyekundu, vilevile anavyokata jina la mtoto aliyehama. Ya nne ilikuwa na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ya mshangao, kama mfumo unavyotaka. Akaiandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akiitamka chini chini kama anayemsomea mtoto wa awali. Ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu maandishi mekundu yakatokea: akaunti imefungwa, wasiliana na msimamizi. Msimamizi yuko wilayani, na siku yenyewe Ijumaa.

"Basi tena," akasema. Akavua miwani, akachukua vipande viwili vya chaki na kalenda ya mwaka juzi iliyokuwa imeviringishwa pembeni ya kabati, akatoka. Darasa la saba walikuwa na kipindi cha ziada.

Nilimfuata. Mlango wa darasa ulipomeza ile kanga, nikaona mtu mwingine kabisa. Watoto walikuwa wanakaribia 80, wanne wanne kwenye dawati, na somo lilikuwa sehemu: ipi kubwa, theluthi mbili au robo tatu? Mvulana mmoja wa nyuma akasema theluthi mbili, kwa kuwa vipande vyake ni vikubwa zaidi. Mwalimu hakumwambia amekosea. Akachana kurasa mbili za kalenda, zinazolingana, akamwita mbele. "Haya, hii ikunje mara tatu sawasawa. Hii nyingine mara nne. Sasa kila moja ondoa kipande kimoja, halafu uzilaze, moja juu ya nyingine." Mvulana akakunja, akaondoa, akalaza, akatazama, akacheka mwenyewe. Wakati huohuo mama alikuwa ameshasogea dirishani kusimama karibu na msichana ambaye hakuwa amesema neno. Alijua tu. Katika dakika 40 sikumwona akikitazama kitabu.

Robo saa kabla ya kipindi hicho, mtu huyuhuyu alikuwa ameshindwa kufungua ukurasa wa simu mbele ya vijana wa umri wa watoto wake.

Tumezoea kuieleza habari hii kwa ufupi: walimu wazee wanaogopa teknolojia. Husemwa kwenye semina, husemwa kwenye mabaraza, na walimu wenyewe wamekwisha kuikubali hata wanaisema kwa mzaha. Mimi sikubaliani. Mama yule anatuma na kupokea pesa kwa simu kila siku, analipia umeme, anaweka akiba ya kikoba, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao ndiye anayetuma sauti ndefu kuliko wote. Hakuna aliyemwitia semina ya mambo hayo. Alijifunza kwa sababu yalimrahisishia maisha siku ileile aliyoyagusa.

Kwenye droo ya meza yake, chini ya boksi la chaki, kuna kishikwambi. Neno lenyewe bado halijamkaa mdomoni. Husema "ile tableti ya sensa", na ana haki. Vifaa hivyo vilizunguka nchi nzima kwa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, vikapita kaya kwa kaya mpaka tukajua kwamba tuko watu 61,741,120. Sensa ilipokwisha, serikali ikaamua vigawiwe kwa walimu. Kwa fikra, uamuzi ulikuwa mzuri: mali imekwisha kununuliwa, kwa nini ioze ghalani? Chake kimekaa ndani ya kasha lake, safi, kama sahani za wageni.

"Kikipotea nalipa mimi. Kikivunjika nalipa mimi. Mjukuu akikigusa kikazima, ni mimi. Bora kikae."

Nilipomuuliza kama amewahi kukiingiza darasani, alinitazama kwa huruma. Watoto 80, kioo cha kiganja. Wa mbele waone, wa nyuma waambiwe?

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba walimu wachache wanaovitumia vile vishikwambi wanavitumia kwa kazi ileile viliyoletewa: kuhesabu. Mtoto akihamia shule nyingine, taarifa zake zinapita kwenye PREM ya Baraza la Mitihani. Fedha za ruzuku zikiingia na kutoka, mwalimu mkuu anazionyesha kwenye FFARS, mfumo uliozinduliwa 2017. Akitaka kununua kitu kwa fedha ya umma, tangu 2023 kuna NeST. Mwalimu mwenyewe akitaka uhamisho, anaingia ESS. Na kazi yake ya mwaka, malengo na utekelezaji, inaandikwa PEPMIS, iliyochukua nafasi ya OPRAS ya makaratasi.

Sizibezi hata moja. Anayekumbuka OPRAS anajua jinsi fomu zile zilivyokuwa zikijazwa kwa kunakili za mwaka jana na kubadili tarehe. Anayekumbuka uhamisho wa zamani anajua nauli zilizoteketea kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya kusikia kwamba faili halionekani. Nchi iliyowahi kulipa mishahara ya wafanyakazi hewa ina kila sababu ya kutaka kujua nani yuko wapi na anafanya nini. Lakini mifumo yote hiyo inatazama juu. Inampa aliye wilayani, mkoani na Dodoma macho ya kuiona shule. Hakuna hata mmoja kati ya niliyoitaja unaomwezesha mtoto wa dawati la nyuma kuona moyo unavyosukuma damu. Mwalimu anayesemwa ameachwa nyuma na teknolojia ya darasani, mara nyingi ameachwa nyuma na teknolojia ya ofisini iliyopitia mlango wa darasa.

Na umri nao una historia yake hapa kwetu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kompyuta za awali zilizokuwa zikishughulikia hesabu za serikali zilikuwa zimeleta hasara na mparaganyiko, na wakubwa wakaona bora waachane nazo. Marufuku ikadumu miaka mingi. Mwalimu anayefikisha 60 sasa alikuwa anaanza shule wakati huo. Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilipotoka, 2007, alikwisha kukaa kazini miaka kama 20. Mtu huyo hakuikimbia kompyuta. Alifungiwa nje kwa amri, kisha akaulizwa kwa nini amechelewa kuingia.

Mwaka huohuo wa 1974 lilitoka Azimio la Musoma, na hapo pana jambo ambalo naona tumelisahau mapema mno. Nchi iliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ndani ya miaka mitatu, na walimu hawakuwepo. Vyuo visingetosha hata vingejazwa mpaka paani. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakapewa madarasa vijijini kwao huku wakijifunza ualimu papo hapo. Walisoma masomo yaliyochapwa na kutumwa kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, na walikuwa na mtu wa kuwapitia, kuketi nao, kusahihisha kazi zao. Mwishoni ndipo walipokwenda chuoni kwa wiki chache. Walimu wa UPE, kama mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulivyoitwa, walitaniwa sana, na utani mwingine walistahili. Lakini tazama mpango wenyewe: kifaa cha kisasa cha wakati ule, redio, kiliwekwa katikati ya vitu vingine viwili, karatasi unayoweza kuirudia usiku na mtu unayeweza kumuuliza kesho. Tena ulichukua miaka.

Linganisha na semina ya leo. Barua inakuja Jumanne: shule ilete mwalimu mmoja, Alhamisi na Ijumaa, kwenye ukumbi wa sekondari fulani. Anapelekwa kijana, kwa kuwa "ndiye anayeelewa". Ukumbini kuna projekta moja, mwezeshaji aliyefundishwa wiki iliyopita na mwezeshaji aliyefundishwa wiki iliyotangulia, na walimu 100 wanaojaribu kuingia kwenye tovuti moja kwa wakati mmoja. Tovuti inagoma. Mwezeshaji anaonyesha picha za jinsi ingekuwa kama isingegoma. Jumatatu kijana anasimama mbele ya wenzake saa ya chai kutoa mrejesho, dakika 15, kengele inagonga. Maarifa yaliyoanza na debe yamefika shuleni na kijiko. Na aliyeyahitaji zaidi, yule mama, hakuwa ukumbini.

Kuna juhudi inayokaribia akili ya miaka ya 70. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yamejengwa juu ya jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja wanakaa pamoja, wanachagua mada inayowasumbua, wanaijadili, na masomo ya kujisomea yako kwenye mfumo wa mtandaoni wa taasisi hiyo. Taasisi ina pia maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Mahali ambapo mwalimu mkuu anaipa jumuiya saa yake na kuiheshimu, mambo yanaonekana. Mahali ambapo inafanywa ili ipigwe picha itumwe kwenye kundi la kata, inapigwa picha inatumwa kwenye kundi la kata.

Mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, ulifanyika mtihani wa aina nyingine kabisa. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170, pamoja na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Timu tano zilikuwa zimeandaa programu za Kiswahili za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu akiwa peke yake, bila mwalimu. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, ziligawana dola milioni 10.

Nusu si haba, na mtoto aliyejua kusoma kwa njia hiyo amejua kusoma. Siwezi kumwambia mzazi wa kijiji kisicho na shule kwamba angesubiri. Ila tazama mtoto alivyoandaliwa: programu ilitengenezwa kwa lugha yake, ikajaribiwa, kifaa kikaletewa umeme wake, akapewa mwaka na robo wa kubofya na kukosea bila mtu kumcheka. Mwalimu wa shule ya msingi, anayefundisha kwa Kiswahili kutwa nzima, anapewa kifaa chenye vitufe vya Kiingereza, bando anunue mwenyewe, na siku mbili. Akikosea mara tatu, akaunti inafungwa.

Wakenya nao wana kisa chao, na nitakipitia haraka kwa sababu mwisho wake unafanana. Serikali ya Jubilee iliingia 2013 na ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikaishia mahakamani, na vifaa vilipoanza kugawiwa 2016 vilikuwa tableti, ambazo baadaye zilizidi milioni moja. Wezi wakazifuata, walimu wakuu wengi wakaziweka chini ya kufuli. Mtaala mpya wa umilisi, CBC, ulipoanza mwaka 2019 ukaja na kazi ya kupakia alama za tathmini mtandaoni, na walimu wakaanza kulalamika kwamba jioni zao zinaishia saiba, wakilipia kwa pesa yao. Tableti za watoto kabatini, mwalimu saiba.

Si kila mwalimu wa huko aliishia hapo. Mwalimu Peter Tabichi wa sekondari ya Keriko, Nakuru, mtawa Mfransisko aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani Machi 2019, alikuwa na kompyuta moja shuleni na mtandao wa kubahatisha. Alikuwa akienda saiba, anapakua anachokihitaji, anarudi nacho darasani kukitumia bila mtandao. Na Ghana, 2018, Richard Appiah Akoto alichora ubaoni dirisha zima la programu ya Word kwa chaki za rangi, menyu na vitufe, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa TEHAMA na shule haikuwa na kompyuta. Picha ilizunguka dunia, watu wakacheka na kuhurumia. Mimi nilichokiona ni mtu aliyejua kila kitufe kilipo. Wote wawili walikuwa mbele ya vifaa vyao, wakivivuta. Hakuna aliyewasukumia.

Hali hiyo ipo hapa kwetu pia, ila haina jina la mradi. Ingia kwenye makundi ya walimu ya WhatsApp na Telegram usiku wa Jumapili uone maazimio ya kazi na mitihani ya majaribio inavyopokezanwa kutoka Kagera mpaka Mtwara. Vijana siku hizi wanaiomba akili mnemba iwaandikie maandalio ya somo, nayo inawaandikia vizuri mno, pamoja na zana ambazo shule haina. Afisa Elimu Kata akisoma andalio lenye maikroskopu sita kwenye shule isiyo na choo cha walimu, anajua nani kaandika.

Lakini turudi kwenye aibu, maana ndilo jambo ambalo taarifa za miradi hazina safu ya kulijazia. Ualimu ni kazi ya kujua mbele za watu. Mwalimu wa miaka 57 amesimama mbele za watu tangu akiwa binti, na heshima yake yote, shikamoo anazopokea njiani, zimejengwa juu ya hilo. Ukimkalisha mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha a-e-i-o-u, kisha ukamwacha akosee kwa sauti, hatauliza swali la pili. Atasema macho yamechoka. Atasema mtandao uko chini. Atampa kijana simu na paswedi, na kijana atamaliza kwa dakika tatu, vidole vikikimbia hata mwenye simu asione kilichobofywa. Mwezi ujao hivyohivyo. Shule nyingi zinaishi kwa kijana mmoja namna hii, naye mara nyingi hayumo hata kwenye orodha ya mishahara.

Nilirudi shuleni kwao wiki kadhaa baadaye. Akaunti ya mama ilikuwa imefunguliwa. Kijana naye alikuwa amepata ajira serikalini, mkoa mwingine kabisa, na ofisi nzima ilikuwa ikimpongeza kwa nyuso za watu waliofiwa. Mwalimu mkuu alikwisha kuulizia kama shule ya jirani ina mtu. Kijana mwenyewe alikuwa dirishani, akipitia simu za wenzake kwa mara ya mwisho.

Zamu ya mama ilipofika, hakumpa simu. Alikaa naye, akaiweka mezani katikati yao, akafungua kaunta buku mpya.

"Leo usinifanyie. Niambie taratibu, nami niandike."

"Mama, tutachelewa, tarehe ndiyo leo."

"Tuchelewe. Anza mwanzo kabisa. Nawasha nini?"

Ikawachukua saa nzima na ushee. Mama alimsimamisha kila hatua. Kijana alipotaja neno la Kiingereza, mama alimtaka aonyeshe liko pembe gani ya kioo, akalichora kwenye daftari ndani ya kisanduku, kisha akabofya mwenyewe. Palipozunguka kile kiduara cha kusubiri, aliandika "subiri, usiguse", akapigia mstari mara mbili. Mara moja alirudi nyuma kwa makusudi ili aone atapotelea wapi, akapotea, akatafuta njia mwenyewe huku amemshika kijana mkono asimsaidie.

Alipoondoka kwenda kugonga kengele, nililitazama lile daftari. Alikuwa ameligawa kama andalio la somo, mistari imepigwa kwa rula: lengo mahsusi, hatua, tathmini. Hatua zilikuwa 14. Kwenye nafasi ya zana aliandika: simu, miwani, dirisha la tatu.